Watamu: panga safari kwa kufuata maji, uone matumbawe na kasa

Wengi wanaokwenda Watamu huanza na hoteli, wakafuatia tarehe za likizo, wakamalizia na boti. Bahari hawajaiuliza. Ndiyo maana mmoja hurudi akisema kule hakuna kitu ila chumvi machoni, na mwingine, boti ileile, wiki mbili baadaye, ameona pono, kitatange, mkunga na kasa akila nyasi. Tofauti yao ni upepo na maji.

Mbuga ya bahari ya Watamu iko Kaunti ya Kilifi, kusini mwa Malindi. Ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na ndani yake ni marufuku kuvua, ndiyo sababu samaki wa pale hawana haraka ya kumkimbia mtu. Mwamba wa matumbawe umesimama kama ukuta, nyuma yake pana maji ya kina kifupi yaliyotulia. Hapo ndipo mgeni anapoelea.

1. Chagua msimu, kisha chagua siku

Matlai, yaani Oktoba na Novemba, na kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo misimu ya kuona chini. Maji ni vuguvugu na meupe. Katika kaskazi asubuhi huwa na utulivu, upepo ukazidi mchana. Aprili na Mei ni masika: mvua, mawimbi na maji yaliyotibuka. Kusi likishika, kati ya Mei na Septemba, upepo huvuma kutoka baharini, mwani hujaa ufuoni na siku nyingi boti hazitoki au zinatoka kwa kulazimisha. Faida ya kusi ni bei ya vyumba, na kwamba kuanzia Julai nyangumi wenye nundu hupita nje ya mwamba. Ukienda kwa ajili ya matumbawe, usiende Juni.

Msimu ukishachagua, tazama mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Kwenye pwani hii siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata kupwa kunachelewa kama dakika 50. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na kupwa kunaangukia alfajiri na jioni.

Siku nzuri ni ile ambayo kupwa kunaangukia kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, jua likiwa juu na mwamba ukiwa umezuia mawimbi. Panga kuingia majini wakati maji yamefika chini kabisa, ukae saa mbili za kwanza za kujaa. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu, ni safi. Yanayokupwa yanabeba tope na majani kutoka hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Siku yenyewe ya bamvua kubwa iepuke kama hujazoea kuelea, kwa sababu vichwa vya matumbawe vinakuwa sentimita chache chini ya kifua chako, na utavivunja wewe au vitakuchana vyenyewe.

Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, linatosha kwa Watamu. Angalia limeandikwa kwa saa ya aina gani: 10:20 ya jedwali ni saa nne na dakika 20 asubuhi. Kuna watu wamekosa boti kwa hilo tu.

2. Kufika

Kwa barabara kutoka Mombasa, panda matatu ya Malindi, mwambie konda akushushe Gede. Safari ni kama kilomita 100, saa mbili na ushee, na ushee huo hutegemea msongamano wa Mtwapa. Kutoka Gede hadi Watamu ni kilomita chache kwa tuktuk au boda. Anayetoka Nairobi anaweza kuja na treni hadi Mombasa, au kuruka moja kwa moja hadi Malindi. Lala Watamu usiku mmoja kabla ya siku ya boti. Kuondoka Mombasa alfajiri ili uwahi kupwa kwa saa nne ni kucheza kamari.

Usishangae ukisalimiwa kwa Kiitaliano ufuoni hata kama umetoka Kericho. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi na wafanyabiashara wamejifunza lugha ya mteja. Mjini penyewe ni pa Waswahili na Wagiriama, misikiti ipo karibu, kwa hiyo ukitoka ufuoni jifunge leso au vaa shati. Burkini imezoeleka, na inakinga jua kuliko losheni yoyote.

3. Vifaa: vijaribu ukiwa nchi kavu

Miwani ya kuzamia ndiyo kifaa kinachoharibu siku za watu wengi. Iweke usoni bila kuvuta mkanda kichwani, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imeng'ang'ania, inakutosha. Ikidondoka, jaribu nyingine, kwa maana kukaza mkanda hakutaiponya: mkanda uliokazwa mno hukunja mpira wa pembeni na maji yanaingia zaidi. Unywele mmoja ukipita chini ya mpira unatosha kuingiza maji. Mwenye masharubu apake vaselini kidogo juu ya mdomo.

Miwani mipya hushika ukungu kwa sababu kioo kimetoka kiwandani na utando mwembamba. Kisugue ndani kwa dawa nyeupe ya meno, suuza, rudia mara mbili au tatu. Siku ya safari tema mate kidogo ndani, sugua kwa kidole, suuza haraka kwa maji ya bahari, vaa papo hapo. Kuanzia hapo usiipandishe kwenye paji la uso, maana joto la kichwa ndilo linalorudisha ukungu, na wimbi dogo linaweza kuichukua.

Mrija wa kupumulia uwe wa kawaida, wa kuuma mdomoni. Ile miwani inayofunika uso mzima inavutia wasiojua kuogelea kwa sababu unapumua kwa pua, lakini ikiingia maji ni shida kuitoa kwa haraka, na hewa uliyotoa inaweza kubaki humo ukaanza kuivuta tena. Iache dukani.

Mapezi ya miguu yabane bila kuuma. Yakicheza yatachubua kisigino ndani ya nusu saa. Soksi nyepesi husaidia. Asiyejua kuogelea vizuri anaweza kuyaacha kabisa, kwa kuwa mtu akihofu na mapezi miguuni hujaribu kusimama, na anachosimamia ni matumbawe.

Shati la mikono mirefu ni la lazima. Ukielea kifudifudi kwa saa moja, mgongo, shingo na nyuma ya magoti ndivyo vinavyoungua, na hutasikia kwa sababu maji yanakupoza. Ngozi nyeusi nayo huungua. Losheni ya jua paka kwenye sehemu zilizobaki wazi tu, dakika 20 kabla ya kuingia, na uchague yenye zinki oksaidi. Zenye oksibenzoni na oktinoksati ndizo zinazolaumiwa kudhuru matumbawe.

4. Mazoezi ya nusu saa, hasa kwa asiyejua kuogelea

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha aliyefurahia na aliyekaa kwenye boti amejikunyata. Ifanye siku iliyotangulia, kwenye bwawa la hoteli au kwenye maji ya kiunoni yaliyotulia, ukiwa na mtu.

Simama kwanza. Vaa miwani na mrija, inama uso uingie majini, pumua kwa mdomo polepole hadi uhesabu pumzi 30. Kichwa kitakataa kuamini kwamba unaweza kupumua uso ukiwa majini, kipe muda. Ukiona pumzi zinakimbia, inuka, anza upya.

Kisha jaza mrija maji kwa makusudi: zamisha kichwa, inuka uso ukiwa bado majini, puliza mara moja kwa nguvu kama unayezima mshumaa wa mbali. Pumzi inayofuata ivute taratibu, maana matone hubaki. Bila zoezi hili, wimbi la kwanza litakalopita juu ya mrija litakunywesha chumvi na hofu itaanza hapo.

Mwisho jifunze kutoa maji kwenye miwani: inua uso juu ya maji, vuta ukingo wa chini kidogo, acha yamwagike. Sasa vaa jaketi la kuokolea maisha, lala kifudifudi, uone jinsi linavyokubeba. Kanda zake za chini zifungwe, la sivyo litapanda hadi masikioni. Aliye na jaketi, mrija na boya la kushika anaweza kuona matumbawe bila kujua kuogelea hata kidogo, mradi baharia mmoja awe naye majini, na si juu ya boti akiangalia simu. Kwa wazee na watoto wadogo kuna boti zenye vioo chini.

5. Tiketi na boti

Ada ya mbuga hulipwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen, si pesa mkononi. Raia wa Kenya na Afrika Mashariki, mkaazi na mgeni kutoka nje wana viwango tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti halisi. Lipa usiku uliotangulia na uhifadhi picha ya risiti, usitegemee mtandao wa simu ukiwa mchangani na nahodha anawasha mashine.

Boti utaletewa kabla hujaulizia. Vijana wa ufuoni wataanza na bei ya juu. Sikiliza, taja yako, cheka, endelea. La maana kuliko bei ni kukubaliana juu ya mambo haya kabla ya kupanda:

- Bei ni ya boti nzima au ya kila mtu, na ada ya mbuga imo ndani au nje?
- Mnatoka saa ngapi, na mnakaa majini kwa muda gani? Nusu saa haitoshi. Omba saa moja na nusu.
- Majaketi ni mangapi? Yahesabu kwa macho, uangalie kama vifungo vyake vinashika.
- Nani anaingia majini na wageni?
- Mtafunga boti kwenye boya au mtatupa nanga? Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichokua miaka mingi. Nahodha mzuri hafanyi hivyo, na hachukii kuulizwa.

Lipa sehemu mwanzoni, salio mkirudi. Na ukiambiwa "kasa utamwona, hakikisho," jua unauziwa maneno. Kasa si ng'ombe wa zizi.

Asubuhi ya safari kula kidogo: mahamri mawili na chai. Mbaazi za nazi ziache hadi ukirudi. Anayechafukwa na bahari ameze dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika.

6. Majini

Boti nyingi huenda sehemu inayoitwa Coral Gardens. Shuka taratibu kwa ngazi. Kuruka huvua miwani. Subiri dakika mbili umeshika boti, pumua, kisha achia.

Lala sawasawa juu ya maji, mikono pembeni au nyuma. Miguu ipige kuanzia nyongani, polepole, mapezi yasitoke juu ya maji. Usisimame popote isipokuwa kwenye mchanga uliouona kwa macho yako. Maji yakikutembeza, anza kwa kuogelea kukabili mkondo na urudi ukisukumwa nao, ukiwa umeshachoka. Kila dakika chache inua kichwa uitafute boti.

Anayeona vingi ni aliyetulia. Elea juu ya jiwe moja kubwa la matumbawe kwa dakika kumi bila kupiga miguu na utaanza kusikia mlio mdogo wa kutafuna: ni pono wakikwangua mwamba kwa meno. Kisha macho yatazoea, utamwona mkunga akichungulia kwenye pango lake, kangaja wakipita kwa kundi, viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, kwenye mchanga, na pweza mwenyewe aliyekuwa hapo muda wote amejifanya jiwe.

Baadhi ya mabaharia hutupa mkate ili samaki wakuzunguke. Kataa. Wanaokuja ni wale wa mistari, jamii moja tu, wanasukuma wengine na huanza kudona vidole, na mkate wenyewe si chakula chao.

Saa ya tatu na ya nne ya kujaa, uwe umeshatoka. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Ukigawa tofauti yote ya kupwa na kujaa mafungu 12, saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3 maana yake ni sentimita 25 tu katika saa ya kwanza, lakini sentimita 75 katika saa ya tatu peke yake. Hesabu hii iwahusu hasa wanaotembea kwa miguu hadi kwenye visiwa vidogo vya ghuba ya Watamu maji yakiwa yamekupwa. Mtu huona maji hayasogei, akatulia kupiga picha, na njia aliyojia ikawa ya kifuani. Maji yakianza kugeuka, nawe geuka.

7. Ukimwona kasa

Wawili ndio utakaoelekea kuwaona. Kasa wa kawaida ana kichwa cha mviringo na pua butu, na hula nyasi za baharini, kwa hiyo mtafute kwenye mabustani ya nyasi, si juu ya matumbawe. Ng'amba ni mdogo zaidi, mdomo wake umechongoka na kupinda, magamba ya mgongoni yamepandana na kingo zake zina meno. Yeye huchokoa sifongo kwenye mianya ya mwamba. Wote wawili wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Ukimwona, acha kupiga miguu. Baki mita 3 au zaidi, upande wake, mahali anapoweza kukuona. Usimpitie kwa juu, kwa sababu anapumua hewa kama wewe na lazima apande. Watu watano wakielea juu yake wamemfungia mlango. Usimfuate akiondoka. Akila hupanda kila baada ya dakika chache, akavuta pumzi, akashuka karibu na palepale. Aliyetulia ataonana naye mara tatu, aliyemfukuza ataona mkia. Akigeuka ghafla, akiacha kula au kupiga makasia ya mbele kwa kasi, umeshamkaribia mno. Kumgusa ni marufuku.

Ukitaka uhakika wa kumwona, nenda kwenye kituo cha Local Ocean Conservation, shirika lililoanza hapohapo Watamu mwaka 1997. Hutibu kasa waliomeza ndoana au plastiki, wenye uvimbe, au waliokatwa na nyavu, na lina mpango na wavuvi: kasa akinasa wavuni kwa bahati mbaya, mvuvi hupiga simu, hupewa fidia ndogo, kasa akapimwa na kurudishwa baharini. Piga simu kwanza ujue siku za wageni.

8. Usiku ufuoni

Kasa jike hupanda ufukwe huu kutaga, mayai mia na zaidi kwa shimo moja, yakaanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi. Ukimkuta anapanda, zima tochi, kaa chini, nyamaza. Akiona mwanga kabla ya kuanza kutaga hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Vifaranga hufuata upande wenye mwanga, ambao kiasili ni bahari. Taa ya veranda yako huwapeleka barabarani. Usiwabebe hadi majini. Waondolee taa, wazuilie mbwa, kaa na miguu ya watu, watembee wenyewe.

9. Yanayoumiza

Yule mnyama mweusi wa duara mwenye miiba mirefu ndiye ajali ya kawaida, na hukupata ukisimama. Ng'oa miiba inayotoka kwa kibano, usiichimbe iliyokatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, ukiyapima kwanza kwa mguu usioumia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji hayohayo ya moto ndiyo huduma ya kwanza ya aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au samaki jiwe, ila hao ni wa kukimbizwa hospitali. Ukitembea kwenye maji ya magotini vaa viatu na buruta nyayo, taa asikie unakuja.

Kasa aliyekwama ufuoni au anayeelea upande mmoja hayupo kwenye mapumziko, anaumwa. Usimsukume majini. Mwekee kivuli, mfunike mgongo kwa kitambaa chenye maji, macho na pua viwe wazi, kisha mpigie askari wa KWS au kituo cha kasa. Kama amefungwa kamba, ikate mbali na ngozi. Ndoana usiing'oe, acha kipande cha mshipi kining'inie nje ili mtibu ajue ilipo.